Beseni Chini ya Tawi

Vendel alilichagua tawi kama mtu achaguaye mkwe.
Matatu aliyakataa: moja nene, moja limenyooka kama fimbo ya mwalimu,
moja lina kovu la msumeno, na kovu, alisema, litatusema.
Hili la nne, la mwerebi, lina kuvu kidogo ubavuni
nalo linainamia maji kana kwamba lilizaliwa hapo.
Lilizaliwa nyuma ya choo chetu. Mimi nililishika
yeye akaligongomea nguzoni, mwezi wa Januari,
maji ya mkono mkongwe wa Tisza yakinitafuna magoti.

Chini yake, pasipoonekana, tumezamisha beseni la bluu
ninalolowekea maharage. Ndani yake
samaki kumi na wanane, wadogo kama kidole cha mtoto.
Wao hawakuulizwa.

Sasa ni Aprili. Tumeketi kibandani tangu saa kumi na moja alfajiri,
mimi Etelka, fundi mstaafu wa meno ya bandia,
naye, aliyekuwa akigeuza njia za treni huko Szolnok
na hata leo huishika kamera kama ile nondo ya kugeuzia:
kwa nguvu, akingoja kinachokuja kwa kasi.

Mdiria. Watu wa hapa humwita ndege wa barafu.
Hafiki kama ndege. Unapita mstari wa bluu, umekwisha,
kisha tawi lina mtu.
Jike: mdomo wake wa chini una wekundu,
kama aliyeanza kujipaka rangi akaitwa nje.
Anatupa mgongo. Anatupa kifua, rangi ya tofali jipya.
Kamera inatafuna, inatafuna.
"Mkao wa harusi," ananong'ona Vendel.

Lakini harusi anazo kabatini. Anataka ile nukta
ambapo ncha ya mdomo imeshagusa maji
na maji hayajapata habari.
Miaka kumi na tisa anaitafuta.
Ana picha elfu kumi na moja za maji yaliyokwisha kushtuka,
za mkia unaozama,
nyingine za tawi tupu, likitikisika.
Hizo za tawi nazipenda. Sijamwambia.

Anajitupa. Kidole kinachelewa kwa upana wa unywele.
Anaibuka na samaki, anampigapiga tawini kama mfuaji,
anammeza, kichwa kwanza.
Nikauliza: na huku kuruka si mkao pia?
Tumempimia chakula, mwanga, hata mahali pa kutua.
Vendel hakugeuka.
"Beseni ni letu. Kuruka ni kwake."

Ndipo akaja kukaa juu ya lenzi.
Juu ya lenzi yenyewe, hatua moja kutoka puani mwetu!
Nayo lenzi, tuliyoinunua kwa bei ya trekta kuukuu,
haioni kilicho karibu kuliko mita nne na nusu.
Mota yake ikahaha, mbele, nyuma, mbele,
kiooni ukungu wa bluu tu.
Vendel akaiachia. Mikono yake ikabaki hewani,
haina kazi, kama ya mtu aliyepokonywa sinia.
Nikayaona matone mgongoni mwa ndege, moja moja.
Nikamwona mume wangu akiangalia bila kufumba jicho la kushoto.
Ndege akanya juu ya trekta letu, akaenda zake.

Jioni aliandika daftarini: *Alhamisi. Mawingu mepesi. Hakuna.*
Ule ukungu wa bluu alitaka kuufuta; nikamshika kiwiko.

Mimi nilirudi mtoni kulitoa beseni.
Walibaki saba. Nikaliinamisha, nao wakasita ukingoni
wakiuangalia mto kama deni la mtu mwingine.
Nikalipiga beseni tako.
Kesho nalihitaji. Kuna maharage.