Sina Duka

Sina duka, Anande.
Nilikuambia mlangoni, kabla hujanivutia kiti,
maana yule aliyekuja juzi na fulana ya njano
na karatasi inayong'aa kama imepakwa samli
ana duka, na duka lina kodi,
na kodi ndiyo iliyokuwa inazungumza.

Mimi nilisoma mita za watu miaka ishirini na miwili,
Pasua, Majengo, mpaka huku Kibosho kwa miguu,
nikajua nani ana friji na nani husema anayo.
Leta daftari la Chediel, kurasa za nyuma.
Andika.
Taa sita. Za nini sita? Chumba cha uani kina mtu?
Yuko Mwanza. Basi tano.
Redio, kutwa na usiku. Najua, tangu msiba haizimwi.
Simu mbili. Televisheni: taarifa ya habari,
na ile tamthilia unayosema huitazami.
Friji ndogo, ya maziwa.
Pasi? Hapana. Pasi iache.
Pasi inakunywa umeme
kama shemeji anavyokunywa mbege ya bure.
Itie mkaa, au ingoje siku LUKU ina kitu.

Sasa zidisha, wati mara saa.
Usiniangalie mimi, angalia kalamu.
Asiyejua anachotumia
huuziwa anachotumia jirani.

Alisema paneli sita, na betri ya milele?
Milele ni neno la kanisani, Anande.
Betri ina miaka, uliza mingapi.
Uliza ukiikausha kila usiku itabaki mingapi.
Uliza dhamana anasaini nani,
na huyo nani akihamia Singida
utampigia simu au utampigia magoti.

Sisi tuko kusini ya ikweta, kidogo tu,
kwa hiyo paneli itazame kaskazini,
yaani itazame Kibo, kama sote tukiamka.
Ilale karibu bapa,
iinuke kiasi cha mvua kuweza kuiosha.
Lakini Julai, ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba
na mlima ukajifunika shuka siku nne,
hakuna fundi wa kukuuzia jua ambalo halijafika.
Pima kwa Julai.
Januari kila mtu ni tajiri.

Nikapanda ngazi saa tatu, nikapanda saa sita,
nikapanda tena saa tisa, na chaki mkononi.
Kivuli cha mgrivea kilikuwa kinatembea juu ya bati lako
taratibu, kama mkaguzi.
"Huu ukatwe!" nikapiga kelele kutoka juu.
"Tawi moja tu likifunika pembe, safu nzima inasinzia!"
Hukujibu.
Nikashuka nikiwa bado nahubiri,
mkono nikauegemeza kwenye shina,
na vidole vikakuta kovu la kisu, limenenepa na gome:
E na A, themanini na moja.

Miaka ishirini na miwili nimesoma namba za watu.
Hiyo sikuwahi kuisoma.

Basi, tukaenda nyuma.
Banda la ng'ombe. Bati fupi, limepauka,
lakini jua linakaa hapo toka saa tatu mpaka saa kumi
na hakuna kinacholiuliza linakwenda wapi.
Paneli tatu zinatosha, hesabu yako mwenyewe imesema.
Waya utakuwa mrefu zaidi, mita kumi na nane,
kwa hiyo uwe mnene; ukiletewa mwembamba, rudisha.
Itakugharimu. Sitakudanganya kuwa haitakugharimu.
Na boriti hii, sikia, inatoa unga kama kiazi kikavu.
Mwezi huu usinunue jua.
Nunua mbao, na misumari.

Chupa hii ya maziwa naichukua, si malipo, nina kiu.
Yule wa fulana ya njano akirudi
usimfukuze. Mpe kiti.
Mpe daftari la Chediel, kurasa za nyuma,
halafu ukae kimya,
umtazame anavyosoma.