Akina Jaan Saba

Saa tisa za usiku, Tartu, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na programu yangu inadai barafu ya mto Emajõgi
ina unene wa mita elfu mbili.
Mto mzima, mpaka tope la chini,
haufiki mita kumi na tano.

Nimepekua mstari kwa mstari,
kama anayesaka chawa kichwani mwa mtoto asiyetulia.

Kigeu nilikiita t. Herufi moja, uvivu wangu.
t ni baridi ya nje, kutoka kipimajoto cha darajani.
Nikaitia ndani ya mabano, nikafunga.
Sheria ya mabano naijua:
aliye ndani huona nje, aliye nje haoni ndani,
kama pazia jepesi mchana wa jua.
Ukiita jina, linatafutwa kwanza chumbani ulimo,
likikosekana, ukumbini, kisha uani,
mpaka ukingo wa faili,
na huko likikosekana mashine hukwambia haimjui mtu huyo,
wala haisemi kwa upole.

Lakini Urmas, aliyeacha kazi mwezi wa nane
akaenda Võru kufuga nyuki,
alituachia andiko linaloandika maandiko.
Unalipa vipande, linakujengea chumba.
Na ndani ya chumba, bila kumwambia mtu,
aliweka t yake: hesabu ya tiki za saa.
Baridi yangu ikaingia, ikaitwa kwa jina lake,
ikaitika saa.

Hakuna aliyekosea. Ndicho kinachoniuma.
Somo hamfukuzi somo wake,
humfunika tu.

Mama ana nakala ya daftari la parokia.
Kwenye shamba la bwana mmoja, akina Jaan saba:
Jaan wa kinuni, Jaan wa Mihkel, Jaan wa kidonda.
Uani palitosha. Ukipaza sauti, anageuka unayemtaka.
Kisha watumwa wa ardhi wakaachiwa huru,
na uhuru ukataka jina la pili.
Karani akachungulia dirishani, akagawa alichokiona:
mbetula, jiwe, ndege, kinamasi.
Alipofika kwa Jaan wa saba dirisha lilikuwa limekwisha.
Akachovya kalamu, akaandika Vemmert,
si Kiestonia, si Kijerumani,
neno lisilokuwa na maana yoyote
hadi sisi tukawa maana yake.

Lugha hii ninayoiandika inayo amri ya karani yule.
Unaiomba jina, inafua jipya,
haliandikishi kwenye jedwali la majina.
Hata mtu akigonga herufi zilezile, moja baada ya moja,
atapata la kufanana nalo, lenyewe hatalipata.
Nikaiomba. Nikaing'oa t ya Urmas,
nikapachika hicho kisichoitika
ila kwa aliyekizaa, ndani ya chumba kilekile,
na chumba kikibomolewa, hakuna wa kukiulizia.

Barafu: sentimita arobaini na moja.
Nikaacha chai ipoe. Nje, mtu alikuwa akivuka mto kwa miguu,
na mbwa wake nyuma,
wakati hesabu zangu bado zinafungwa.

Nikamwandikia Urmas: nimeibadilisha t yako,
sasa ina jina ambalo hata wewe huwezi kuliita.

Saa moja asubuhi akajibu:
t ipi?