Moja, Tatu, Nne, Mbili

Carina ya Mama Apaisaria imeshuka kutoka Kibosho
na madumu saba matupu ya maziwa, inachechemea.
Inaingia gereji ikitetemeka mpaka vioo vinalia,
kama mtu aliyeondolewa msibani
kabla hajamaliza kulia.

"Inamisi," anasema. "Kile kilima cha Umbwe
sikipandi tena bila gia ya kwanza.
Mafundi watatu nimeshawalipa.
Wa kwanza alisema plagi, wa pili pampu.
Wa tatu alisema niiuze."

Fundi Nderingo hainui macho kwenye kikombe cha chai.
"Nozeli hizo."
Kwa Nderingo kila kitu ni nozeli.
Hata mguu wangu ulipovimba, alisema nozeli.

Mimi nainama, nasikiliza.
Injini ya pistoni nne ina mpangilio wake wa kusema:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili.
Hii inasema
moja,          nne, mbili,
moja,          nne, mbili.
Kuna mahali inaparuka,
kama jina la mtoto asiyetajwa nyumbani.

Nachomoa waya wa kwanza: injini inayumba, nusura izimike.
Narudisha. Wa pili: inayumba.
Wa nne: inayumba.
Wa tatu nachomoa
na haijali.
Haijui hata kama nimemtoa mtu.
Basi ni wewe.

Plagi yake imelowa, inanuka petroli mbichi.
Naibadilisha na ya jirani; ugonjwa hauhami.
Naziba tundu kwa kidole, Mama anapiga stata,
na pumzi ya silinda inakisukuma kidole changu, puh, puh,
ina nguvu, haina kinyongo.
"Nozeli imemwaga mpaka imelowesha, Fundi.
Mafuta yapo. Moto ndio haufiki."
Nderingo anaomba sukari.

Saa moja usiku umeme ukakatika Pasua nzima.
Nderingo akalaani, akapapasa akitafuta tochi.
Nikamwambia, acha.
Acha giza likae.
Nikachukua ile chupa ya kunyunyizia, ya dobi wa jirani.
"Washa, Mama."
Nikanyunyiza maji juu ya nyaya, kidogo kidogo,
kama anayelainisha kola ya shati la Jumapili.

Hapo tukauona:
uzi wa buluu, mwembamba kuliko unywele,
ukiruka kutoka waya wa tatu hadi kwenye chuma,
tik, tik, tik,
radi ndogo iliyopotea njia.
Hakuna aliyesema kitu. Hata Nderingo.
Wanasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi.
Waliosema hivyo hawakupandisha Umbwe
kwa silinda tatu.

Nikaugeuza waya tumboni, sasa kwa tochi:
alama za meno. Vijino viwili, viwili, viwili.
Mama akashika kiuno.
"Panya! Naliegesha ubavuni mwa stoo ya mahindi,
injini ikiwa bado ya moto."
Na Kibosho mwezi wa saba, usiku ule wa ukungu,
nani asingetafuta pa kujibanza?
Sikumlaumu sana.

Nyuma ya choo ipo Corolla iliyokufa zamani,
kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.
Nikampisha tetea, nikafungua boneti,
nikachomoa waya wake wa tatu, mkavu, mzima.
Nikaufuta kwa kanga kuukuu, nikauvisha Carina,
nikaubana mbali na chuma.

Moja, tatu, nne, mbili.

Mama alilipa elfu kumi na tano. Nderingo akapokea,
akanipa elfu tano, akafikiri,
akaongeza mbili.
"Ila nozeli nazo," akasema, "zingesafishwa."

Gari likaondoka. Umeme ulikuwa haujarudi.
Nikasimama kando ya barabara na ule waya ulioliwa mfukoni,
nikihesabu kadiri sauti ilivyopanda na kupungua,
moja, tatu, nne,
mbwa wa dobi akabweka,
sikusikia iliyobaki.