Futi Tano na Inchi Mbili

Shemeji Malogo alitoka Mtera na fimbo ya kuvulia
ndefu kupita mlango wangu;
mfuko wake wa turubai niliushona mimi, hela sijaiona.
"Bwawani," akasema, "unarusha hadi mshipi usahau ulikotoka."
Sikubisha. Lakini kijito chetu cha Kiboriani
nakivuka kwa hatua moja, kitenge nimekikunja magotini.

Akarusha, mkuyu ukadaka.
Akarusha, miiba ikadaka.
Mara ya tatu akavuta kwa hasira, fimbo ikalia ka!
kama mfupa wa kuku Jumapili.
Akaitupa, akashuka Mpwapwa mjini kutafuta soda.

Nikaokota ncha.
Mpini nikachonga wa mkole, kiungo nikakizungushia
uzi wa sare za shule, wa bluu, raundi arobaini,
nikapaka gundi ya viatu, nikaanika juu ya cherehani.
Urefu niliupima kwa utepe wa shingoni.
Uzito? Chukua mkasi wangu mdogo, ule wa vifungo,
halafu punguza kidogo.

Nzi nilimfunga mwenyewe:
unyoya wa kanga (ndege, si nguo), madoa matatu tu,
kiwiliwili chane ya suti ya bwana harusi
aliyeghairi.

Sasa njoo uone. Mwezi wa tano, mvua imeshaaga,
maji yamebaki na sauti ya mtu anayehesabu pesa gizani.
Chini ya vichaka hakuna nafasi hata ya kupunga mkono.
Napiga magoti. Namshika nzi kwa vidole viwili, navuta,
fimbo inapinda kama upinde wa mtoto awindaye njiwa,
naachia.
Nzi anapenya kati ya matawi, tundu la sindano,
anatua na maji hayaamki.

Kimya.
Halafu mkono wangu unajua kabla yangu.

Kwenye fimbo ndefu samaki huyu asingekuwa habari.
Kwenye hii anabisha mpaka begani,
ananivuta kama mwanangu zamani alipoona pipi dukani.
Namlaza kwenye utepe: inchi sita na robo,
mgongo rangi ya chai ya rangi,
tumbo satini, upande ule wa ndani
ambao mvaaji peke yake huujua.
Namrudisha. Maji yanafunga zipu.

"Hata paka hashibi!" anacheka shemeji.
Kweli. Paka wangu nampa dagaa wa dukani.
Ikifika Agosti hapa patakuwa mchanga na kwato za mbuzi,
na samaki watakuwa wapi, sijui, sijawahi kujua;
mvua zikirudi nao wapo, hawanielezi.

Fimbo inaning'inia msumari mmoja na rula.
Jana mteja kaniuliza, hii nayo inapima nini?
Nikamwambia ainue mikono,
nichukue kifua.