Mshono wa Moto

Niliposhona turubai la Bukuru
nilishona kama nilivyofundishwa kushona kila kitu:
mita tisa, mistari minne, hatua ya milimita nne,
uzi wa nailoni mzito kama wa fundi viatu.
Nikamwita mke wangu aje aone ulivyonyooka.

Bukuru akaenda Uvinza kupakia chumvi.
Mvua ilimkuta akipanda kurudi Kasulu.
Haikupasua kitu, haikung'oa kamba.
Ilipita tu kwenye tundu nilizotoboa mimi,
tundu elfu tisa;
hesabu niliipiga baadaye, usiku, bila kuombwa.

Chumvi haipigi kelele ikifa.
Aliposhusha bodi la nyuma pale Murubona
magunia yalikuwa yamenywea kama mashavu ya mgonjwa,
na mbuzi wa watu walikuwa wanaramba barabara
nyuma ya lori, mmoja mmoja, wametulia
kama waliopewa mwaliko.

Hakunitukana. Aliuliza tu:
"Fundi, hivi hiki ni kitambaa?"

Nilikata kipande kwa wembe, nikakimulika kwa simu.
Katikati kuna nyuzi, za wima na za mlalo,
hazikutoka shambani wala mgongoni mwa kondoo.
Toyi wa duka la vifaa anasema zimetoka kwenye mafuta,
yaleyale yanayoendesha lori.
Juu yake na chini yake kuna ngozi ya plastiki
iliyomiminwa ikiwa uji, ikagandia hapo.
Nyuzi zinabeba mvuto.
Ngozi inakataa maji.
Na mimi nilikuwa nimeitia ngozi sindano
kana kwamba ni gauni la kipaimara.

Kuna kipande cha impuzu sandukuni kwetu Heru Juu,
rangi ya chai iliyolala.
Babu Ntamaguro aliambua gome la mvumu,
akalilowesha, akaligonga kwa nyundo ya mti yenye mifereji
mpaka upana wa kiganja ukawa upana wa bega.
Hakuna uzi humo. Hakuna mshono.
Nyuzi za mti zilishikana kwa kupigwa, basi.
Ila lilikuwa linakunywa maji, baba alisema, akicheka:
mvua kubwa ikija
mzee alilivua, akalikunja, akaliweka kwapani,
akalowa yeye.

Nikauza mbuzi wawili, nikaenda Kigoma mjini
kununua bomba la hewa moto,
ndugu wa lile la saluni, ila hasira mara kumi.
Wiki ya kwanza nilichoma vipande kumi na saba.
Ukizidisha, moshi wake unakata koo.
Ukipunguza, vinajifanya vimeshikana,
kesho vinabanduka kama kigaga.
Katikati ya hapo pana muda mfupi,
ngozi inang'aa, inalegea,
unapitisha rola haraka, unashikilia pumzi,
na umeme usikatike, tafadhali, usikatike sasa.

Kipimo ni kimoja: vuta.
Kiungo kibaya kinaachia kwa adabu.
Kiungo chema hakiachii; ngozi yenyewe inabanduka
na nyuzi zinabaki nje, nyeupe, zimeaibika,
bado zimeshikana.

Turubai jipya nilimfanyia bure.
Alileta gunia moja kati ya yale, limeganda jiwe;
mpaka leo linazuia mlango wangu upepo ukivuma,
na likiona mawingu linatoa jasho kabla ya sisi.

Cherehani bado ninalo. Sare za shule, mapazia,
vitu vinavyoruhusiwa kulowa.

Siku ya kulichukua, Bukuru alipapasa kiungo chote,
mita tisa, kwa dole gumba, akitafuta uzi.
Hakuuona. Akanitazama.
"Ni gome," nikamwambia. "Usilitoboe."
Akapitisha kamba kwenye pete,
akafunga fundo, akafungua, akafunga tena.