Kunazi

Bi Wen ana duka Tudor, nyuma ya gereji,
droo hamsini na nne, kila moja na harufu yake.
Alimvua Ridhwani fulana, akamlaza kifudifudi,
akaifinya ngozi ya mgongo toka kiunoni hadi shingoni,
kama fundi akunjaye upindo wa buibui.
Mwanangu akacheka. Tangu masika
sijamsikia akicheka bila kukohoa.

Mizizi ya manjano. Tangawizi. Mdalasini.
"Hivi ndivyo nilivyokulia," akasema mamangu, "Uchina iko wapi hapo?"
Kisha akaziona kunazi, nyekundu, zimekunjamana,
akanyamaza.

Kwetu majani ya mkunazi huchemshwa
yawe maji ya mwisho ya mtu.
Kwa hayo tulimwosha dadake Ridhwani.
Alikuwa na miezi minane.

Usiku sufuria ilichemka, nyumba ikanukia mizizi.
Mama ndiye aliyepuliza kikombe, akaonja yeye kwanza.
"Matamu," akasema.

Kikohozi hakijaisha. Alhamisi tuna chanjo kwa Sista Kadzo.
Ila kokwa moja Ridhwani aliitemea kwenye kopo la mrihani,
na kila asubuhi, kabla ya chai,
Mama hulimwagilia kopo lile
kama mtu asiyetaka kuonekana.