Mwenye Kata

Siku ya tatu Georgia, Baba alikodi gari jeupe
lenye ufa kwenye kioo,
na Mama akafungua ramani mapajani
ijapokuwa simu ilikuwa ikitusemesha kila kona.
Viwanda vinne vya mvinyo, alisema. Vitatu tukichelewa.
Hakumtazama Baba alipokuwa akisema.

Tiketi zilikatwa kabla. Hilo nalijua sasa.
Kabla ya ile Desemba, kabla ya mlango wa bafu
na shoka la jirani.
Miezi kumi na minne Baba hajagusa kitu,
na hapa tunateremka bonde la Alazani,
mizabibu kushoto, mizabibu kulia,
theluji imekaa juu ya milima
kama mtu asiye na haraka ya kushuka.

Kiwanda cha kwanza: chuma kitupu, mabomba,
msichana mwenye kalamu sikioni.
Tulionja, tukatema. Bibi hakutema.
"Mimi nilifundishwa kumeza," alisema.
Cha pili kimefungwa, kuna msiba.
Mbwa alitusindikiza hadi barabarani.

Cha tatu ni nyumba ya Nodari.
Hakuna bango. Kuna kuku, kuna mkewe Tsiala
anayebandika mikate kwenye ukuta wa tanuri,
nusu ya mwili wake imezama ndani,
na kuna mitungi, ila mitungi yenyewe huioni:
imezikwa hadi shingo, vinywa tu
viko usawa wa sakafu.
Muta, miaka saba, alipiga magoti kwenye mmoja mtupu,
akatia kichwa, akaita jina lake.
Mtungi ukamrudishia, likiwa zito, la mtu mzima.
Akanyanyuka kimya. Hakuita tena.

Bibi alinusa. "Hii wameiacha na maganda yake,"
alisema kwa Kihaya,
"kama sisi na rubisi, na nyasi zake mle mtumbwini."
Hakuna aliyemtafsiria Nodari, naye akaitikia kwa kichwa
kama aliyesikia habari za shamba la jirani.

Mezani: jibini, nyanya, jozi zilizotwangwa.
Nodari akasimama. Kwa wafu. Kwa walio njiani.
Kwa watoto waliovunja kitu leo na bado hawajasema.
Binti yake, Natela, alitafsiri huku akitafuna.
Kisha akafika kwa Baba, na bilauri ya Baba
ilikuwa imepinduliwa, kitako juu,
na vidole vyake juu ya kitako hicho, vyote vitano.

Mama alikoma kutafuna. Mimi nilihesabu mbegu za tikiti.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema kwetu;
hatusemi mgeni naye akitaka kupona afanyeje.

Nodari aliitazama bilauri. Hakuuliza.
Alikwenda kona, akarudi na kata ya kibuyu,
mpini wake mrefu kuliko Muta,
akasema neno. Natela akameza tonge kwanza:
"Basi wewe ndiye utakayetuchotea."

Hadi leo sijui kama ilikuwa busara
au hakuelewa kabisa.
Baba alipiga magoti kwenye mtungi wa pembeni, uliojaa,
akateremsha kata gizani, akangoja,
harufu ikimpanda usoni
na uso wake haukugeuka.
Mkono ulitetemeka. Tuliuona sote.
Akamjazia Bibi. Akamjazia Tsiala. Akamjazia Mama
hadi ukingoni, na Mama akaipokea kwa mikono miwili
kama anayeshikishwa mtoto wa mtu.

Halikumwagika ila tone moja, penye pindo la shati.

Kiwanda cha nne hatukufika.
Kwenye kituo cha mafuta Baba alikwenda kunawa,
akakawia. Bibi alikoroma. Muta alitafuna
jozi za kwenye uzi, zilizogandishwa kwa maji mazito ya zabibu.
Mama alihesabu dakika kwa kidole juu ya ramani.
Akarudi, mkono wa shati umelowa hadi kiwiko,
akawasha gari, akauliza nani ana njaa.
Tulikuwa tumeshiba hadi kooni.
Sote tulisema, mimi.